Namna ya Kusoma Mawe ya Kaburi ya Sleti Katika Bonde la Belvoir

Asubuhi moja ya Mei, saa tatu, niliingia kwenye uwanja wa Kanisa la Mtakatifu Luka katika kijiji cha Hickling, Nottinghamshire. Jua lilikuwa linawaka. Nilikuta vibao vya jiwe la kijivu vimesimama kwenye majani, nikavipiga picha, nikarudi nyumbani Leicester bila kusoma jina hata moja mpaka mwisho. Wiki iliyofuata nilikwenda tena, safari hii saa sita na nusu mchana. Mawe yalikuwa yaleyale, lakini maandishi yalikuwa yamejitokeza, kila herufi na kivuli chake, na juu ya maandishi uso wa malaika mwenye mabawa ulikuwa unanitazama. Mvua ya Uingereza ya karibu miaka 300 ilikuwa haijamfuta.

Tangu siku hiyo najua kwamba ugumu wa kusoma mawe haya hautoki kwenye jiwe. Unatoka kwenye mwanga, na kwa msomaji mwenye haraka. Hizi ndizo hatua ninazozifuata.

1. Chagua mahali, kisha uliza wenyeji

Sleti ni lile jiwe la tabaka tabaka ambalo wengi wetu tunalijua kwa vibao vya shule vya zamani na kwa mapaa ya nyumba. Makaburi ya sleti yapo Cornwall, Wales na Cumbria pia, ila mimi nakushauri uanzie Leicestershire na kusini mwa Nottinghamshire. Katika eneo la Charnwood Forest, kaskazini-magharibi mwa Leicester, kulikuwa na machimbo ya sleti huko Swithland, Woodhouse Eaves na Groby. Warumi walikuwa wameshaitumia kuezekea nyumba. Mwishoni mwa karne ya 17 mafundi wakaanza kuichonga kwa ajili ya makaburi, na waliendelea mpaka machimbo yalipokoma katika miaka ya 1880. Mawe yakasafirishwa kwa mikokoteni, kijiji hadi kijiji, na ndiyo maana ndani ya mwendo mfupi wa gari unaweza kupita viwanja vingi vya kanisa vyenye kazi za mikono ileile.

Bonde la Belvoir, mpakani mwa kaunti hizo mbili, ndilo lenye utajiri zaidi. Ukiuliza njia, sema "Biva", kwa kuwa jina hilo halitamkwi kama linavyoandikwa. Huko kuna mawe zaidi ya 300 ya mtindo mmoja unaoitwa malaika wa Belvoir, yaliyochongwa kuanzia mwisho wa karne ya 17 hadi katikati ya karne ya 18. Hickling ina mkusanyiko mzuri. Vijiji vya Upper Broughton, Nether Broughton, Long Clawson, Wysall na Granby navyo vinafaa. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuko wengi Leicester, hasa familia zilizotoka Kenya, na zile zilizofukuzwa Uganda mwaka 1972, na bado sijakutana na wengi wetu kwenye viwanja hivi. Si mbali. Jumamosi moja inatosha.

Kuingia hakuhitaji tiketi. Viwanja vya makanisa kwa kawaida viko wazi. Lakini ukitaka kufanya chochote zaidi ya kutazama na kupiga picha, hata kukata majani yanayofunika mstari wa chini, zungumza kwanza na kasisi au wazee wa kanisa. Jina la mtu wa kumpigia huwa limebandikwa kwenye ubao mlangoni. Kuondoa au kusogeza jiwe ni jambo kubwa zaidi: ni lazima kibali kitoke katika mahakama ya dayosisi, na jiwe lenyewe kisheria ni mali ya yule aliyelisimamisha, na akishakufa, ya warithi wa marehemu anayekumbukwa nalo, hata kama wamepita vizazi vinane. Mengi ya mawe haya pia yamo katika orodha ya taifa ya urithi unaolindwa. Kukiwa na ibada au mazishi, ondoka urudi baadaye. Makaburi mapya usiyapige picha. Hapo kuna watu ambao bado wanalia.

2. Zunguka nyuma ya jiwe

Watu wote husimama mbele. Wewe anza nyuma.

Sleti ya Swithland haipasuki kwa wepesi katika vipande vyembamba. Ilitoka machimboni ikiwa nene na yenye mawimbi, fundi akasugua uso mmoja mpaka ukawa laini kama meza, na upande wa nyuma akauacha kama ulivyotoka ardhini: matuta, mabonde, alama za nyundo. Sleti ya Wales hupasuka nyembamba na sawasawa, kwa hiyo nyuma yake ni laini na jiwe lote ni jembamba. Ya Wales ilifika kwa wingi katika karne ya 19, mifereji na reli zilipopunguza gharama ya usafiri, na hiyo ndiyo iliyoua machimbo ya Swithland. Kwa hiyo ukitazama mgongo wa jiwe kwa macho tu, bila kugusa, umeshapata nusu ya jibu: mgongo wenye mabonde ni jiwe la hapa hapa, na mara nyingi ni la kabla ya reli.

Linganisha pia na majirani zake. Katika uwanja huohuo utaona mawe ya mchanga ambayo uso wake umebanduka kama ganda la kitunguu, na ya chokaa ambayo maandishi yake yamelainika mpaka ni vivuli tu. Sleti haifyonzi maji kirahisi na asidi ya mvua haiilii kama inavyolila jiwe la chokaa. Jiwe la mwaka 1720 likaweza kusomeka vizuri kuliko la mwaka 1890 lililo pembeni yake. Ukiona hivyo kwa mara ya kwanza hutaamini tarehe.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kupita bila kulisema. Kwa muda mrefu wanajiolojia waliamini kwamba sleti ya Swithland ni ya zamani sana kiasi kwamba wanyama wenye kuchimba tope walikuwa bado hawajatokea duniani. Kisha, katika miaka ya 1990, kwenye nyuso za mawe ya kaburi ya Leicestershire zikatambuliwa alama za mashimo yaliyochimbwa na viumbe wa aina hiyo katika tope la bahari. Umri wa mwamba mzima ukabidi urekebishwe, ukaingizwa katika kipindi cha Kambria, ambapo wanyama hao walikuwa wameshatokea. Uso uliosuguliwa na fundi kwa ajili ya jina la marehemu ndio uliofichua maisha hayo. Kwa hiyo ukiona mistari myembamba inayopinda na isiyohusiana na mchoro, usidhani ni mikwaruzo. Ichunguze.

3. Tazama mchoro kabla ya maneno

Sogea hatua tatu nyuma. Mchoro wa juu utakupa umri wa jiwe kwa makadirio ya kizazi kimoja, hata kama tarehe imezama kwenye majani.

Malaika wa Belvoir hana mwili. Ni uso wa duara wenye macho makubwa, mara nyingi na kola ya mikunjo shingoni, na mabawa mawili yaliyotandazwa kulia na kushoto. Pembeni yake huweza kuwapo saa ya mchanga au mifupa miwili iliyopishana, kumkumbusha anayepita kwamba na yeye zamu yake inakuja. Kadiri karne ya 18 inavyosonga, mafuvu na mifupa hupungua, malaika wanapata mashavu ya watoto wanene, na mistari ya mapambo inayozunguka kama mwandiko wa kalamu inajaa. Hiyo si bahati. Mafundi waliiga vitabu vya walimu wa mwandiko, na sleti, kwa ulaini wa chembe zake, inapokea mstari mwembamba kuliko jiwe lolote la eneo lile. Kuelekea mwisho wa karne hiyo na mwanzo wa ile iliyofuata, gudulia la majivu la mtindo wa Kigiriki na mti wenye matawi yaliyoinama vinachukua nafasi ya malaika.

Mimi nawapenda wale wa mwanzo. Wale wa baadaye ni wazuri zaidi kwa ufundi, lakini malaika wa 1720 ana uso wa mtu aliyechongwa na jirani yake.

4. Subiri jua lipite ubavuni

Hii ndiyo hatua ya kutumia muda. Herufi husomeka pale mwanga unapolambaza uso wa jiwe kutoka pembeni, kila mchongo ukatupa kivuli. Mwanga ukija moja kwa moja usoni, vivuli hupotea, na hivyo ndivyo nilivyokosea asubuhi ile.

Kwanza jua dira yako. Kanisa lenyewe litakusaidia: altare kwa kawaida iko upande wa mashariki, na mnara mara nyingi uko magharibi. Mawe mengi yanatazama mashariki au magharibi kwa kuwa maiti walilazwa miguu ikielekea mashariki. Sasa, katika sehemu hii ya Uingereza, kiangazi jua hufika kusini kabisa yapata saa saba mchana kwa saa ya ukutani, na majira ya baridi yapata saa sita. Jiwe linalotazama mashariki lisome katika nusu saa ya mwisho kabla ya wakati huo. Linalotazama magharibi lisome katika nusu saa ya kwanza baada yake. Dakika hizo chache zina thamani kuliko saa nzima ya asubuhi, kwa hiyo fika mapema, panga mawe yako, kisha ngoja.

Jiwe linalotazama kaskazini halipati jua la kutosha. Hapo mpe rafiki yako kioo kirefu, kile cha kabati la nguo, asimame penye jua mita chache kando ya jiwe na kurusha mwanga ukate uso wa jiwe kwa pembe nyembamba. Siku ya mawingu, au jioni, tumia tochi yenye nguvu: ishike karibu kabisa na ukingo wa jiwe, upande wa kushoto, halafu kulia, halafu juu. Kila upande utakuonyesha herufi ambazo mwingine umezificha. Kivuli cha mwavuli mweusi kikizuia mwanga wa anga, tochi hufanya kazi hata mchana.

Mvua nyepesi nayo ni rafiki. Uso wa sleti hukauka kwanza na maji hubaki ndani ya michongo, na kwa dakika chache maandishi huonekana meusi juu ya kijivu.

5. Nakili kila alama, pamoja na makosa

Andika kwa mkono, mstari kwa mstari, kama fundi alivyoukata mstari. Usisahihishe tahajia.

Kabla ya kuandika, angalia kama herufi zimechimbwa au zimeinuka. Katika mawe mengi ya malaika wa Belvoir zimeinuka. Yaani fundi hakuichimba herufi. Alichimba jiwe lote linaloizunguka, mpaka herufi ikabaki juu peke yake. Hebu fikiria kufanya hivyo kwa mistari minane, kwa patasi na nyundo, ukijua kwamba pigo moja baya likimega herufi hakuna gundi ya kuirudisha. Ndiyo sababu makosa yao yananigusa. Utaona neno lililokosa nafasi, herufi mbili za mwisho zikapandishwa juu ya mstari kwa udogo. Au jina lililosahaulika likaingizwa kwa alama ya mshale. Hayo yote yanakili.

Maandishi yenyewe yana mitego michache. Herufi s katikati ya neno huandikwa ndefu, karibu kama f, kwa hiyo "deceased" huonekana kama "deceafed". "Ye" husomwa "the". Ni mabaki ya herufi ya kale iliyofanana na y. "Relict" ni mjane. "Mrs" katika karne ya 18 hakumaanishi lazima mwanamke aliyeolewa. Mwanamke wa heshima asiyeolewa aliweza kuitwa hivyo. Na "in the 63d year of his age" haina maana kwamba alikuwa na miaka 63. Alikuwa amemaliza 62 na yumo ndani ya mwaka wa sitini na tatu.

Mtego mkubwa ni tarehe. Mpaka mwaka 1751 mwaka wa kisheria Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Mtu aliyefariki Februari ya mwaka tunaouita sisi 1724, jiwe lake linaweza kusema 1723, au 1723/4 kama fundi alitaka kuwa mwangalifu. Wewe nakili kilichoandikwa, kisha weka maelezo yako pembeni. Na katika mwaka 1752 tarehe 2 Septemba ilifuatwa na tarehe 14, siku 11 zikarukwa ili kalenda ilingane na ya Ulaya. Ukisoma kifo cha tarehe 7 Septemba 1752 katika kijiji cha Kiingereza, rudia kusoma, maana siku hiyo haikuwapo.

Mwisho, shuka chini kabisa. Pale kwenye ukingo wa majani mafundi wengine waliweka majina yao. Utakutana na Sparrow wa Radcliffe-on-Trent, Hind wa Swithland, Staveley wa Melton Mowbray. Jiwe lenye sahihi ni hazina, kwa sababu kutoka hapo unaweza kulinganisha umbo la tarakimu 7, mkia wa g, na macho ya malaika, ukamtambua fundi huyohuyo katika jiwe lisilo na jina vijiji vitatu mbali. Kama sahihi imefunikwa na udongo, usichimbe. Wazee wa kanisa wajulishe.

Angalia pia kama jiwe lina watu wawili. Mara nyingi nusu ya chini iliachwa tupu kwa ajili ya mwenzi aliyebaki, na alipokufa miaka ishirini baadaye fundi mwingine alimalizia kwa mwandiko wake. Wakati mwingine nusu hiyo bado iko tupu.

6. Piga picha

Picha moja ya jiwe zima, kamera ikiwa sambamba na uso na usawa wa katikati yake. Moja ya mchoro. Moja ya kila mistari mitatu au minne. Moja ya mgongo. Na moja ya mbali inayoonyesha jiwe lilipo kwa kulinganisha na mlango au mti. Zima fleshi ya simu, maana inapiga usoni na kufuta vivuli ulivyovingoja.

7. Usisugue

Hapa sina huruma. Usitumie brashi ya waya, sabuni, dawa ya kung'arishia nguo, chaki, unga, wala povu la kunyolea ndevu, hata kama umeona mtu mtandaoni akifanya hivyo na herufi zikatokea vizuri. Chaki hukwaruza, povu lina kemikali zinazobaki ndani ya vinyweleo vya jiwe, na brashi huondoa kingo za herufi ambazo mvua ya karne tatu ilishindwa kuziondoa. Karatasi na nta ya kusuguliwa juu ya mchongo nayo iache, picha nzuri inakupa zaidi.

Yale madoa ya kijivu, manjano na kijani kwenye jiwe ni likeni, kiumbe hai, kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Hukua taratibu mno, mara nyingi chini ya milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo doa la ukubwa wa sahani huenda lina umri wa jiwe lenyewe. Katika nyanda za chini za Uingereza, ambako miamba ya asili ni michache, mawe ya makanisa ni makazi yao makuu. Zaidi ya spishi 300 zimerekodiwa humo. Zikifunika jina, rudi na tochi.

Usiegemee jiwe, na usimruhusu mtoto alishike kujiinua. Kibao cha kimo cha mita moja na kidogo kina uzito wa zaidi ya kilo 100, na mguu wake ndani ya udongo huenda ni mfupi kuliko unavyodhani.

8. Fuata jina mpaka kwenye rejesta

Makanisa ya Uingereza yalianza kuandika ubatizo, ndoa na mazishi mwaka 1538, kwa amri ya Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane. Rejesta za zamani za Leicestershire ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya Wigston Magna, kusini mwa Leicester. Za Nottinghamshire ziko mjini Nottingham. Nyingi sasa husomeka kwa kompyuta pia.

Usitegemee rejesta ikupe zaidi ya jiwe. Kabla ya mwaka 1813, fomu za kuchapwa zilipoletwa, kasisi mara nyingi aliandika jina na tarehe ya mazishi tu. Umri, jina la mume, idadi ya watoto waliotangulia, hayo yako kwenye sleti. Rejesta kwa upande wake itakupa tarehe ya kuzikwa, siku chache baada ya kifo, na itakusaidia pale tarakimu moja imemeguka. Zikitofautiana, andika zote mbili.

9. Acha nakala

Nakala yako, picha na ramani ndogo ya mahali jiwe lilipo, zipeleke kwa wazee wa kanisa na kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti. Andika tarehe uliyosoma na saa, maana atakayekuja baada yako atataka kujua mwanga ulitoka wapi. Kama kuna herufi uliyoikisia, izungushie mabano. Kisha angalia saa: kama ni kiangazi na bado haijafika saa saba, kuna safu nyingine nyuma ya kanisa, upande wa kaskazini, ambako watu wachache hufika.